Alhamisi Isiyo na Namba

Kwenye kaunta buku la klabu yetu ya sayansi kuna ukurasa uliopigwa mistari kwa rula na kalamu ya bluu. Safu ya kwanza ni ya tarehe, ya pili saa, ya tatu idadi ya waliomo darasani, ya nne madirisha mangapi yako wazi, na mbili za mwisho ni za namba zilizosomwa kwenye kipimo. Mistari yote imejaa, isipokuwa wa Alhamisi moja. Hapo kuna tarehe, kuna saa, kuna idadi ya wanafunzi, kisha karatasi nyeupe. Pembeni, kwa penseli, binti wa Kidato cha Tatu ameandika neno moja: nyigu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Ushirombo, na ni mlezi wa klabu hiyo. Wanafunzi sita walitaka kujua hewa wanayovuta darasani ikoje. Swali halikutoka kwangu. Lilitoka kwa kijana wa dawati la nyuma ambaye kila siku ikifika saa saba mchana kichwa kilikuwa kikimgonga, naye akidhani ni njaa. Siku moja akauliza: mbona akitoka nje kichwa kinatulia kabla hajala kitu? Mwalimu akiulizwa swali la namna hiyo hana haki ya kuliacha lipite.

Anayeijua Ushirombo anajua kwamba vumbi hapa ni mwenyeji. Tuko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Lusahunga, ambako malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Barabara hiyo ina lami, lakini ukiiacha hatua chache tu unakanyaga udongo mtupu, na kuanzia Juni hadi mvua za kwanza udongo huo hupanda juu kila bodaboda inapopita. Kuna makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Kuna mashamba na mapori yanayochomwa moto kabla ya msimu. Kuna jiko la shule. Na ndani ya darasa kuna chaki, kuna sakafu iliyochimbika, na kuna pumzi za watoto wenyewe.

Hilo la pumzi liliwashangaza kuliko yote. Tulipiga hesabu ubaoni. Nje, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kama 420 ni hewa ya ukaa. Pumzi inayotoka puani mwa mtu ina hewa ya ukaa kiasi cha asilimia 4, yaani sehemu 40,000, karibu mara mia ya ile ya nje. Mwaka 1858 daktari Mjerumani, Max von Pettenkofer, alipendekeza kuwa chumba wanachokaa watu kisivuke sehemu 1,000. Hewa ya ukaa kwa kiwango hicho haiui mtu, lakini ni dalili kwamba waliomo wanavutiana pumzi. Basi tukachukua darasa la mita 9 kwa 7, kimo mita 3. Tukaweka humo wanafunzi 80, kila mmoja akitoa lita 15 hivi za hewa ya ukaa kwa saa. Madirisha yakifungwa kabisa, hazifiki dakika sita kabla ya kuvuka mpaka wa Pettenkofer. Kwa wanafunzi 45 ni kama dakika kumi.

Utaniuliza nani anafunga madirisha katika joto letu hili. Tunafunga sote, kiangazi. Lori likipiga breki, upepo ukigeuka kutoka upande wa makarasha, wa kwanza kuinuka ni aliyekaa dirishani, naye huvuta ubao bila kuagizwa. Ukifungua unakaribisha vumbi, ukifunga unafungia pumzi. Ndilo fumbo ambalo vijana wangu walitaka kulipima, na hadi leo sijaona swali la mwanafunzi lililonipendeza zaidi.

Kipimo tulikipata kwa michango ya walimu na masalia ya fedha za mahafali, kikaja kwa basi la Mwanza kikiwa kimefungwa kwenye khanga. Ni kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha mbele ya mwali wa leza. Kila chembe ya vumbi inayopita hutawanya mwanga, na jicho la elektroniki huhesabu mitawanyiko hiyo. Kinatoa namba ya chembe ziitwazo PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi sehemu mbili na nusu za milioni ya mita. Unywele wa mtu ni mnene mara thelathini hivi kuliko chembe hiyo. Huo udogo ndio hatari yake, maana haizuiwi na vinyweleo vya pua wala makohozi. Inashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilipunguza viwango vyake mwaka 2021: mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku moja, na 5 tu kwa wastani wa mwaka. Jicho la pili la kisanduku lilikuwa la hewa ya ukaa.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Asubuhi, kabla ya mstari, namba za vumbi zilikuwa kubwa mno, na vijana wakaanza kuandika sentensi za bango. Zilikuwa wiki za mvua. Kilichotuzindua ni kwamba asubuhi hizo hapakuwa na vumbi lolote. Ardhi ilikuwa imelowa na ukungu umetanda hadi kwenye milingoti ya goli. Leza haijui tofauti ya tone la maji na chembe ya moshi. Unyevu ukizidi, chembe hunywa maji zikavimba, na ukungu wenyewe huhesabiwa kama uchafu. Tukayapiga mstari mmoja maandishi ya siku tano. Hatukuyafuta kwa raba. Tuliyakata kwa mstari mmoja ili yasomeke.

Jambo hilo limewasumbua wakubwa kuliko sisi. Makerere, Kampala, kundi la AirQo lilianza mwaka 2015 kutengeneza vipimo vya hewa kwa ajili ya miji ya Afrika, na kazi kubwa imekuwa hiyo hiyo: kuvifanya vistahimili vumbi, joto na umeme unaokatika, kisha kusahihisha namba zake kwa kuzilinganisha na mashine kubwa ya gharama. Sisi hatukuwa na mashine kubwa ya kulinganishia. Niliwaambia hivyo, na kimya kilichofuata nilikiheshimu.

Kisha likaja la maji. Darasa letu hufagiliwa kwa zamu, na anayejua kazi hunyunyiza maji kabla ya kushika ufagio. Wengi hawanyunyizi, kwa sababu bomba liko mbali na kengele haisubiri. Tulipotangaza kwamba tunapima hewa, zamu zote zikaanza kumwaga maji mpaka sakafu ikawa tope. Hakuna aliyetaka siku yake iandikwe chafu. Tukawa tunapima darasa ambalo halikuwepo kabla hatujaanza kulipima. Nilitamani kukasirika, lakini ningewakasirikia watoto waliofagia vizuri?

Likafuata la umeme, ambalo sitalieleza kwa sababu kila msomaji analo la kwake.

Na ndipo ikaja Alhamisi. Tulikuwa tumetoka likizo fupi. Kisanduku kilikuwa kimebaki kwenye msumari wake karibu na dirisha. Binti anayeongoza kundi alikiwasha saa mbili na nusu. Upande wa vumbi kikaonyesha sifuri. Jua lilikuwa linaingia kwa mshazari kupitia nondo, na ndani ya mwali wake vumbi lilikuwa linaogelea waziwazi, kila mtu analiona. Kijana mmoja akashangilia: hewa safi kabisa! Binti hakuandika. Alikitikisa kisanduku karibu na sikio, akaomba bisibisi, akakifungua juu ya dawati. Tundu la kupitishia hewa lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu uliosilibwa vizuri kama chungu. Alipoubandua kwa ncha ya kompasi, wakadondoka buibui wadogo wanne, hai lakini hawajongei. Nyigu wa udongo ndivyo alivyo: anawachoma buibui wapooze, anawazika pamoja na yai lake, ili mtoto akianguliwa akute chakula. Alikuwa amejenga nyumba yake ndani ya utafiti wetu. Na katika kuubandua ule udongo tukavunja bawa moja la feni.

"Mwalimu, tujaze?" akauliza mmoja wao. Alimaanisha namba. Ya kabla ya likizo tuliijua, ya Ijumaa tungeipata kwa kuazima feni kwenye kompyuta mbovu. Katikati yake ni hesabu ya wastani tu, na jedwali lingependeza.

Sikumkaripia, kwa sababu najua alikojifunzia. Amejifunzia kwetu. Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara nchini zilifanya mtihani wa mbadala wa vitendo: mwanafunzi anaeleza kwa kalamu jaribio ambalo mikono yake haijawahi kulishika. Hata pale maabara ilipojengwa, vitendo vyetu vina jibu linalojulikana kabla ya kengele. Mwanafunzi anayepata mchapuko wa mvutano wa dunia ulio mbali na 9.8 haulizi uzi wake ulikuwa na kasoro gani. Anatazama daftari la jirani, anarudi nyuma, anatengeneza vipimo vyake vikubaliane na jibu. Mitaani wanaita kupika data. Tumewafundisha upishi huo kwa kalamu nyekundu, halafu tunawapeleka kwenye swali lisilo na jibu kitabuni na tunashangaa wakiuliza kama wajaze.

Wala si watoto wa Ushirombo peke yao. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji ikawa ya kugombewa, naye akaingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye jina lake likafanywa dhihaka ya kila kosa darasani. Sehemu hiyo ya kisa inasimuliwa sana. Mimi hunirudia sehemu nyingine. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza swali lake Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba kweli, maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Osborne na Mpemba wenyewe waliliandika hilo katika makala yao ya mwaka 1969.

Fundi yule hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwaminifu aliyelelewa kuamini kwamba jibu liko tayari mahali fulani, na kwamba kazi ya mikono yake ni kulifikia. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo aliloliona Mpemba hutokea kila mara au kwa masharti fulani tu. Na wanaweza kubishana kwa sababu majaribio yaliandikwa yalivyotokea.

Niliwauliza vijana swali la shuleni. Mwanafunzi asipofika kwenye mtihani, kwenye orodha ya matokeo tunamwandikia nini? Wakajibu kwa pamoja: ABS. Na aliyefika akakosa yote? Sifuri. Je, ni mtu mmoja? Wakacheka. Yule binti hakucheka. Alichukua penseli akaandika nyigu, akaacha peupe palipobaki.

Tangu siku hiyo wakaongeza safu kwenye jedwali wakaiita Kilichotokea, na safu hiyo ikaanza kunenepa kuliko zile za namba. Zamu imemwaga maji mengi. Umeme hakuna. Ukungu. Saa nne kamili moshi wa jikoni umeingia, upepo unatoka kusini. Hilo la jikoni lilitupeleka kwa mama anayetupikia uji na makande. Tulimkuta amechuchumaa anapuliza, macho mekundu. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu, kisha akawaeleza wanafunzi kwamba kuni za siku hiyo zilikuwa mbichi, na kwamba yeye huujua upepo kwa jicho linalowasha kwanza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wakati mbunge wetu wa Bukombe, Doto Biteko, akiwa ndiye Waziri wa Nishati. Mama yule bado anapuliza. Vijana walimwandika kwenye safu yao: kuni mbichi, jicho la kushoto.

Kuna siku tatu ambazo hewa ya ukaa ilishuka ghafla, madirisha yakiwa vilevile. Tungekuwa na haraka tungeandika kwamba hewa imekuwa nzuri. Safu ya Kilichotokea ina neno moja: rashi. Dhahabu ilikuwa imelipuka porini, na wenye nguvu za kubeba mawe walikwenda. Wasichana wawili walikwenda kuwasaidia mama zao kupika kwenye mabanda ya mama ntilie. Mmoja wa waliokwenda ni yule kijana wa dawati la nyuma aliyetuletea swali. Pumzi zilipungua kwa sababu wenye pumzi hawakuwepo. Na huko walikokwenda, vumbi la jiwe linalosagwa likiwa kavu lina silika, ambayo hukomaza mapafu yasitanuke tena na humfungulia mlango kifua kikuu. Zebaki inayochomwa kwenye kikaango hutoa mvuke usio na rangi wala harufu. Kisanduku chetu hakiwezi kuuona mvuke huo, wala kutofautisha vumbi la karasha na vumbi la chaki. Kinahesabu tu. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu jioni hiyo, nikimfikiria kijana ambaye kichwa kilimuuma darasani akaenda kupona kwenye karasha. Amerudi. Anakohoa kidogo, na nimemwambia aende hospitali ya wilaya akapime makohozi.

Nisemeje kuhusu matokeo? Utafiti ulishindwa. Sitaki kuupaka rangi. Tulitaka kujua ni lini afadhali kufunga madirisha na ni lini afadhali kuyafungua, na hatukujua. Siku zilizobaki bila mkato wala pengo zilikuwa chache mno kusema lolote kwa haki. Mgeni mmoja aliyepita mbele ya bango letu siku ya maonyesho aliuliza, kwa upole tu, matokeo yenu ni yapi, na vijana wakamwonyesha jedwali lenye matundu. Akatikisa kichwa akasogea kwa wenye grafu.

Sina kinyongo na grafu. Tangu mwaka 2011, Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walipoanzisha Young Scientists Tanzania, wanafunzi wa sekondari wa shule kama zetu wamekuwa wakiuliza maswali yao wenyewe na kuyapeleka hadi Dar es Salaam mbele ya watu, na mimi nawaombea wa Ushirombo wafike huko wengi. Ninachotamani ni kwamba kwenye kila bango ionekane angalau Alhamisi moja. Mficha uchi hazai. Kijana anayekuja mwakani kupima hewa ya darasa hili hahitaji namba yetu ya kubuni. Anahitaji kujua kwamba tundu lizibwe kwa wavu kabla ya likizo, kwamba asubuhi za ukungu haziaminiki, kwamba zamu zisiambiwe siku ya kupima, kwamba mama wa jikoni aulizwe mapema, na kwamba mahudhurio yahesabiwe kwa vichwa, si kwa rejista.

Hayo yote yameandikwa kwa mkono wa watoto wa miaka kumi na sita. Kundi jipya limeshaanza kuyasoma, na wavu wa chandarua kilichochanika umeshakatwa na kuzungushiwa kisanduku.

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, iwe Runzewe, Masumbwe, Kahama au kwingineko: mwanafunzi akikuletea jedwali lenye nafasi wazi, muulize siku ile kulitokea nini kabla hujashika kalamu nyekundu.